Ndoo ya kudekia yenye kikamulio: yanayosemwa na ukweli wake

Kuanzia Ilazo hadi Nkuhungu, nyumba nyingi za Dodoma sasa zina marumaru, na marumaru haifichi vumbi. Kuanzia Mei hadi Novemba, mvua ikiwa imekatika na upepo ukivuma, sakafu iliyodekiwa asubuhi huwa imepauka kabla ya jioni. Ndiyo maana watu wengi wameacha tambara na kutaka dekio la nyuzi pamoja na ndoo yenye kikamulio, na wengine wanaitengeneza wenyewe kwa ndoo ya rangi au wanampa kazi fundi wa mtaani.

Ndoo hizi za kutengeneza huharibika kwa sababu chache, zilezile kila mara. Karibu zote zinatokana na fikra kwamba kazi ya kikamulio ni kubana tu. Kubana ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua msukumo wa mikono unaishia wapi, na mchanga uliozolewa sakafuni unakwenda kulala wapi.

Dhana: Kikamulio bora ni kile chenye mpini mrefu wa kusukuma, kama vya hospitalini na maofisini.

Mpini mrefu unaongeza nguvu kweli. Ukiwa na urefu wa sentimita 40, na bati la kubania likiwa sentimita 10 kutoka kwenye bawaba, kilo 10 za mkono zinageuka kilo 40 kwenye dekio. Hapo hakuna ubishi. Shida ni ndoo yenyewe. Zile za maofisini zina kitako kipana na magurudumu manne yaliyotanuka. Ya nyumbani haina.

Tufanye hesabu. Ndoo ya lita 20 iliyotiwa maji lita 8, pamoja na kikamulio chake, ina kilo kama 10. Kitako chake kina upana wa sentimita 26 hivi, kwa hiyo kutoka katikati hadi ukingoni ni 13. Kumi mara kumi na tatu ni 130, na hicho ndicho kinachoizuia isipinduke. Sasa mtu anasukuma mpini kwenda mbele kwa nguvu ya kilo 10 tu, kwenye kimo cha sentimita 50 kutoka chini: kumi mara hamsini ni 500. Msukumo unaipita ndoo karibu mara nne. Ndoo isipopinduka ni kwa sababu imeteleza kwanza kwenye marumaru yenye maji, na kwa vyovyote vile maji yamemwagika.

Kwa nyumba, basi, msukumo uelekee chini na uishie ndani ya kitako. Kikapu chenye matundu, unachozamisha dekio ndani yake kisha ukaegemea mpini na kuunyonga, kinafanya hivyo bila bawaba wala springi. Ukiegemea, ndoo inazidi kukaa.

Mahitaji yake si mengi: ndoo ya rangi ya lita 20 iliyooshwa vizuri, ndoo ndogo ya plastiki ya lita 4 itakayokuwa kikapu, vipande viwili vya flatibaa (chuma bapa) ya inchi moja vyenye urefu wa sentimita 30, bolti fupi za spana namba 10 pamoja na washa zake, na futi moja na nusu ya bomba la PVC la inchi moja. Ndoo hizi mbili zinapatikana soko la Majengo na kwa wauza rangi.

Pima mdomo wa ndoo kubwa. Kwa kawaida huwa sentimita 29 hivi, na ndoo ndogo ina upana wa kama 18. Usikiweke kikapu katikati. Hilo ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote, maana kikapu kikikaa katikati dekio halina pa kuingilia kwenye maji. Kisukume hadi kiguse ukuta wa upande mmoja, na upande wa pili itabaki nafasi ya sentimita 11 ya kuzamishia. Katikati ya kikapu itakuwa sentimita 5 na nusu tu kutoka katikati ya ndoo, ndani kabisa ya zile 13 za kitako, kwa hiyo kuegemea hakupindui kitu.

Flatibaa mbili zipite juu ya mdomo wa ndoo, moja kila upande wa kikapu, na ncha zake zikunjwe chini sentimita 3 ili zishike ukingo. Kikapu kifungwe kwenye flatibaa kwa bolti nne, washa ndani na nje. Bila washa, plastiki hupasuka kuanzia kwenye tundu la bolti ndani ya wiki chache, kwa sababu mzigo wote unabebwa na ukingo mwembamba wa tundu. Kwenye ncha mojawapo ya kila flatibaa toboa tundu linalopita hadi kwenye ndoo, utie bolti yenye nati ya masikio inayofungwa kwa vidole. Hiyo inazuia kikapu kisizunguke unaponyonga, na bado unaweza kukichomoa bila spana ili uoshe ndani.

Bado kuna jambo la nyuzi kuteleza. Ndani ya ndoo ndogo ukuta ni laini, kwa hiyo ukinyonga mpini dekio lote linazunguka pamoja na halikamuki. Katakata bomba la PVC vipande vya sentimita 12, uvipasue katikati kwa urefu, kisha ufunge vitatu kwenye ukuta wa ndani, mgongo wa mviringo ukitazama dekio. Mbavu hizi zinashika nyuzi ili mpini uzinyonge kama kamba, na zinapunguza upana wa kikapu. Upana ukipungua, mbano unapanda: kilo 20 zilizoegemea duara la sentimita 16 zinagawanyika kwenye sentimita za mraba 200, ila kwenye duara la sentimita 10 zinagawanyika kwenye 78 tu, yaani mbano wa mara mbili na nusu kwa jasho lilelile. Ndiyo sababu vikamulio vya dukani vina umbo la faneli. Hata Uhispania, ambako mhandisi Manuel Jalón alianza kuuza madekio na ndoo zake mwaka 1956, ndoo za mwanzo zilikuwa na rola. Faneli ya plastiki ilikuja baadaye, na ndiyo iliyoenea majumbani.

Dhana: Matundu yakiwa mengi, maji yanatoka zaidi.

Maji hutolewa kwenye nyuzi na mbano. Tundu linayapa njia tu. Matundu 24 ya milimita 8 chini ya kikapu, na mistari miwili ya matundu kuzunguka ukuta wa chini, yanatosha kabisa. Acha angalau sentimita 2 kati ya tundu na tundu, la sivyo kitako kinakuwa kama chujio la chai na kinachanika siku ya kwanza unapoegemea kwa nguvu. Tundu la milimita 3 au 4 huzibwa na mchanga na nywele. Lililozidi milimita 12 huruhusu nyuzi zichungulie nje, zinase, zikatike.

Kuhusu kutoboa: msumari wa moto unatoboa haraka, lakini pitisha kidole kando ya tundu na utaukuta ukingo wa plastiki iliyoyeyuka ikagandia pembeni, mgumu na mkali kama ganda la konokono lililovunjika. Ukingo huo ndio unaokula nyuzi za dekio. Toboa kwa drili yenye biti ya milimita 8. Kama huna, ukate ukingo kwa kisu na kuupiga msasa, ndani na nje.

Dhana: Chuma kinadumu kuliko plastiki.

Si kwenye ndoo hii. Maji ya visima vya Dodoma yana madini mengi, utayaona kama ukoko mweupe ndani ya birika. Yakichanganyika na jiki, chuma kitupu huanza kutu mapema sana, na matone yake huacha madoa ya kahawia kwenye viungo vya marumaru ambayo hayatoki kwa kusugua. Flatibaa ipakwe rangi ya mafuta mara mbili, ncha na matundu yakiwemo, na bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu au zile zenye zinki. Alumini nayo huliwa na jiki. Plastiki inavumilia vyote hivyo, adui yake ni jua. Anika dekio juani, ndoo iweke kivulini, maana plastiki iliyoachwa uani msimu mzima wa kiangazi huwa kavu na huvunjika kama kigae.

Dhana: Zile zenye kanyagio la kuzungusha ndizo bora, kwa sababu ni za kisasa.

Zinakamua vizuri. Kikapu cha upana wa sentimita 20 kikizunguka mara 300 kwa dakika kinayasukuma maji ya ukingoni kwa nguvu karibu mara 10 ya uzito wake, na nyuzi hazisuguliwi na kitu. Lakini chini ya kanyagio kuna meno ya plastiki, na mchanga mwekundu ukiingia humo unafanya kazi ya msasa. Kwa nyumba iliyo kwenye barabara ya vumbi, fagia kwanza kila mara, au uchague kikapu cha kuegemea ambacho hakina cha kusagika.

Dhana: Dekio likamuliwe hadi likauke.

Dekio kavu mno halibebi vumbi, linalisukuma tu kutoka kona moja hadi nyingine na kuacha michirizi. Lililolowa mno linageuza vumbi kuwa tope linaloingia kwenye viungo. Pima kwa mizani: dekio la nyuzi la gramu 300 likiwa kavu, tunalenga libaki na uzito wa gramu 600 hadi 700 baada ya kukamuliwa. Ukilikuta na kilo moja na zaidi, ongeza mbavu au punguza upana wa kikapu kabla ya kumlaumu anayedeki. Sakafu ya sementi inavumilia maji zaidi kidogo.

Dhana: Maji ni ya mgao, ndoo mbili ni kuyapoteza.

Ni kinyume chake. Kwenye ndoo moja, kila unachokamua kinarudi kwenye maji unayochovya tena, na baada ya vyumba viwili unapaka uchafu. Unamwaga, unajaza upya: lita 8 mara tatu ni 24. Tia lita 6 kwenye ndoo yenye kikamulio kwa ajili ya kusuuzia, na lita 4 safi kwenye ndoo ya pembeni. Suuza, kamua, chovya kidogo kwenye maji safi, kamua tena, deki. Jumla ni lita 10. Chora alama ya wino usiofutika ndani ya ndoo kubwa kwenye lita 6 na lita 8. Ikipita 8, maji yanakaribia kitako cha kikapu, ambacho kinaning'inia sentimita 18 hivi kutoka chini, na unaanza kukamulia ndani ya maji.

Ndani ya hiyo ndoo ya kusuuzia, chini kabisa, weka sahani ya matundu iliyokatwa kutoka kwenye mfuniko wa ndoo, isimame juu ya miguu mitatu ya PVC ya sentimita 4. Mchanga unapita kwenye matundu na kutulia chini, dekio haliufikii tena. Ni kitu kidogo, watu wengi hawakijui, na hakuna kingine kinachopunguza mikwaruzo ya marumaru kwa gharama ndogo hivyo. Maji machafu yasiyo na jiki nyunyizia uani yatulize vumbi. Yenye jiki mwaga chooni.

Dhana: Povu likiwa jingi, sakafu inatakata.

Kwa maji yetu magumu, sabuni ya mche hushikana na madini na kutoa utando wa kijivu. Utando huo hubaki sakafuni, unanata, na vumbi la mchana hulala juu yake. Ndani ya kikapu huziba matundu pia. Tumia sabuni ya maji, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4. Ukoko mweupe kwenye kikapu huondoka kwa kukiloweka kwenye maji ya siki au ndimu kwa nusu saa, lakini osha kwanza jiki yote kwa maji mengi. Jiki ikikutana na siki, ndimu au dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, ambayo huchoma macho na mapafu, na ndani ya bafu dogo lisilo na dirisha inaweza kumwangusha mtu. Ukisikia harufu hiyo kali, toka nje mara moja, acha mlango wazi, usirudi hadi hewa isafike.