Echingi ya Rembrandt si nakala

Jumba la makumbusho likitundika echingi za Rembrandt, msanii wa Uholanzi wa karne ya 17, hakosekani mtu wa kumwambia mwenzake, “Hizi ni nakala tu, zenyewe ziko Amsterdam.” Husemwa na watu waliosoma, tena kwa kujiamini, na wako wanaoandika hivyo hivyo magazetini. Neno hilo linamvunja moyo mtazamaji kabla hajasogea ukutani, na hizi ni picha ambazo haziangaliwi kwa mbali. Ile ya 1630 ambayo Rembrandt amejichora mwenyewe, macho kayakodoa, ina kimo cha sentimita 5 hivi.

Echingi ni picha inayochapwa kwa bamba la shaba. Msanii hulipaka bamba nta iliyochanganywa na lami na utomvu, huchora juu yake kwa sindano mpaka shaba ionekane, kisha hulitia kwenye tindikali, nayo hula pale tu palipokwaruzwa. Nta ikishaondolewa, wino husuguliwa uingie kwenye mifereji hiyo, uso wa bamba hufutwa, karatasi yenye unyevu hulazwa juu, na vyote hupitishwa kwenye mashine ya kukandamiza. Karatasi ikibanduliwa picha imetoka, ya kushoto yamekuwa kulia. Ndiyo maana mandhari ya mji wa Amsterdam aliyoichora mnamo 1640 inauonyesha mji kinyume.

Sasa, “yenyewe” ni ipi? Hakuna mchoro mama uliofichwa mahali. Bamba nalo si picha, kama kalibu isivyo tofali. Kitu ambacho Rembrandt alikikusudia tangu alipoweka sindano kwenye nta ni ile karatasi yenye wino, na kila karatasi aliyoichapa kwa bamba lake, yaani kila chapa, ni kazi halisi. Zikiwa hamsini, zote hamsini ni halisi. Jumba la Rembrandt la Amsterdam, nyumba aliyoinunua mwaka 1639 na kuipoteza baada ya kufilisika mwaka 1656, lina karibu echingi zake zote, lakini chapa zilizoko London au Paris hazikunakiliwa kutoka hizo. Ni ndugu wa bamba moja.

Tena ni ndugu wasiofanana. Mara nyingi Rembrandt hakulifuta bamba likatakata. Aliacha utando wa wino pale alipotaka kivuli, kwa hiyo chapa moja ina usiku mzito na nyingine ya bamba hilo hilo ina mwanga wa alfajiri. Alibadilisha karatasi pia. Alipenda ile ya Kijapani, yenye umanjano kidogo, iliyofika Uholanzi kwa meli za kampuni ya biashara ya Mashariki, maana ilipokea wino kwa ulaini.

Hapo ndipo inapoingia “hatua”, ile namba ndogo kwenye kibandiko ambayo wengi huipita. Msanii akishachapa kadhaa, akarudi kwenye bamba akakwangua au akaongeza mistari, chapa zinazofuata ni za hatua mpya. Chukua picha yake ya kusulubiwa kwa Kristo, iitwayo Misalaba Mitatu. Hatua ya tatu ina sahihi na mwaka 1653: mwanga unamiminika kutoka juu, na umati unaonekana mtu kwa mtu. Katika hatua ya nne mistari mizito imeshuka kama dhoruba, watu wengi wamefutika, msalaba wa kulia umekaribia kumezwa na giza, na ametokea mpanda farasi mwenye kofia ndefu ambaye hakuwapo. Bamba ni lile lile. Kristo Akionyeshwa kwa Watu, ya 1655, ina hatua nane, na katika zile za mwisho aliukwangua umati wote wa mbele, akaweka matao mawili meusi mahali pake. Mtu anayeziita hizi nakala anapoteza jambo kubwa kuliko yote: kumwona msanii akibadili mawazo mbele ya macho yetu.

(Hizo mbili, kwa haki, hazikuliwa na tindikali. Zilikwaruzwa kwa sindano moja kwa moja kwenye shaba, na ukingo wa shaba ulioinuka kando ya mstari ndio ulioshika wino na kuupa ule weusi wa mahameli. Ukingo huo husagika haraka sana, hivyo chapa nzuri ni chache.)

Nakala zipo kweli. Katika karne ya 19 Mfaransa Amand-Durand alitengeneza mabamba mapya kwa njia ya upigaji picha ili kuziiga kazi za Rembrandt. Hizo ni nakala, hata zikivutia. Katikati ya nakala hizo na chapa za Rembrandt mwenyewe kuna chapa zilizotolewa na watu wengine baada ya kifo chake mwaka 1669, kwa mabamba yake halisi yaliyochakaa. Bamba la picha yake iitwayo Gulden Mia (gulden ni fedha ya zamani ya Uholanzi) liliangukia mikononi mwa Kapteni William Baillie, mchapaji wa karne ya 18, ambaye alilichora upya, akalichapa, kisha akalikata vipande vinne.

Kwa hiyo wanaoandika habari za maonyesho haya watumie “chapa”, na “nakala” waiachie kazi ya Amand-Durand na wenzake. Na mtazamaji anayetaka kujua thamani ya kilicho mbele yake, amwulize mwongozaji: hii ni hatua ya ngapi, na ilichapwa Rembrandt akiwa hai?