Kadi unayo, ila kituo chako kiko wapi? Kwa wanaojitolea kuhamasisha uandikishaji Nyanda za Juu Kusini

Kila zoezi la kuboresha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura likikaribia tunapokea watu wanaotaka kujitolea, wengine wanafunzi wa vyuo vya Mbeya na Iringa, wengine wasaidizi wa kisheria wa huko kwenye kata, wengine kina mama wa vikoba, na karibu wote wanakuja na wazo lilelile, tupate spika tupate gari tuzunguke Mwanjelwa na Soweto tukitangaza "jitokezeni jitokezeni". Sio vibaya. Ila kwangu mimi spika ndo kazi ndogo kuliko zote, maana tangazo la Tume ya Uchaguzi utalisikia redioni hata usipotaka. Wengi wanaokosa kupiga kura huku kwetu walisikia vizuri tu, shida ni kwamba wanapoishi leo sio walipoandikishwa.

Angalia mikoa yetu inavyoishi. Kijana wa Ludewa yuko Makongolosi kwenye dhahabu, wa Kyela amekuja Mbarali kuvuna mpunga, Mufindi kuna wachuma chai na watu wa mbao, Ilula wanafuata nyanya, na mabinti wa kazi kutoka Iringa na Njombe wako Dar kwenye nyumba za watu. Sheria inataka upige kura kwenye kituo ulichopangiwa kwenye daftari. Sasa huyo wa Makongolosi kadi anayo, iko kwenye begi chini ya nguo, lakini siku ya kura hatapanda basi mpaka Ludewa kwa nauli yake halafu arudi. Kwenye hesabu ni mpiga kura kabisa, kwenye foleni humuoni.

Dawa yake ipo na ni nyepesi, inaitwa kuhamisha taarifa. Zoezi likiwepo unaenda na kadi yako kwenye kituo cha eneo unaloishi sasa hivi, unasema nimehamia hapa, wanakubadilishia na kukupa kadi mpya. Unaweza hata kuanza mwenyewe kwenye mfumo wa Tume wa mtandaoni ila lazima ukamalizie kituoni, na hapo kijana mwenye simu na bando ana msaada mkubwa kuliko gari la matangazo. Kitu ambacho HUTAKIWI kufanya ni kujifanya mpya ukajiandikisha mara ya pili. Hilo ni kosa la jinai, na wengi wanaolifanya hata sio kwa ubaya, wanaona tu uvivu kueleza habari ya kadi ya zamani. Pia kadi za 2015 na 2020 hazikufa, kama ipo nzima na hujahama huna sababu ya kupanga foleni. Awamu iliyopita foleni zetu zilijaa watu wa aina hiyo huku wenye shida kweli wakikata tamaa na kuondoka.

Halafu kuna suala la kalenda. Mbeya na Iringa uboreshaji ulikuja tarehe 27 Desemba 2024 mpaka 2 Januari 2025, siku saba tu, saa 2 asubuhi mpaka saa 12 jioni. Yaani katikati ya Krismasi na mwaka mpya! Mvua inanyesha, mahindi yanataka palizi, stendi zimejaa watu waliorudi kusalimia wazazi. Ukikaa kituo cha Tukuyu unaona foleni ndefu unafurahi, kumbe nusu ya vijana waliopo hapo wiki ijayo wanapanda basi kurudi Dar au Tunduma kwenye biashara zao. Ndo maana wanaojitolea tunawafundisha swali moja kabla ya yote, "Siku ya uchaguzi utakuwa unaishi wapi mdogo wangu?" Akisema Tunduma, mwambie asiandikishwe hapa, asubiri ratiba ya Songwe, mkoa wenye Tunduma. Inauma maana umempoteza kwenye idadi ya kata yako, ila umemsaidia yeye.

Kuna mkanganyiko mwingine uliotusumbua sana na bado upo. Oktoba 11 mpaka 20, 2024 watu walijiandikisha kwenye vitongoji na mitaa kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27. Ile ilikuwa orodha ya wakazi, inasimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayoshughulikia serikali za mitaa, haitoi kadi. Daftari la Kudumu ni la Tume, ndilo la rais, mbunge na diwani. Desemba mtu unamgongea mlango anakwambia "mimi nishajiandikisha mwezi wa kumi", na hadanganyi, ila sio daftari hilo. Mwenye kadi naye alikataa kwenda kwenye orodha ya mtaa akiamini kadi inatosha, akaja kushangaa hayumo kwenye kumchagua mwenyekiti wa mtaa, na yule mwenyekiti ndo anayekuandikia barua ya utambulisho ukitaka mkopo au ukitaka kumdhamini ndugu yako. Mimi naona lawama hapa sio ya mwananchi. Mazoezi mawili yanayofanana jina, yamepishana miezi miwili, utegemee bibi wa Kilolo ayatofautishe yeye mwenyewe?

Mei 2025 daftari la awali lilipowekwa wazi watu walikagua taarifa zao, na hapa ndo kazi ya kujitolea inapendeza. Mzee anafika ofisi ya kata, karatasi zimebandikwa, maandishi madogo, na ukiwa Rungwe kila ukurasa umejaa majina ya Kinyakyusa yanayoanza na Mwa. Msaidizi anamsalimia shikamoo babu, na kwa Kinyakyusa ugonile, anachukua kadi yake, anashuka na kidole mstari kwa mstari, jina lipo ila herufi moja imerukwa na mwaka wa kuzaliwa sio wenyewe. Vitu vya dakika tano hivyo, siku ya kura vinakuwa ugomvi mlangoni. Na ukikuta jina la mtu aliyefariki, ndugu waambiwe watoe taarifa liondolewe, kijijini kila mtu anajua nani kafariki, Tume ikiwa Dodoma itajuaje?

Mashine nazo zina mambo yake. Mfumo wa alama za vidole ulianzia kwetu, Makambako, Februari 2015. Mkono wa mtu wa jembe umeota sugu, mashine inasoma inakataa inasoma tena. Mwambie mapema anawe na maji ya uvuguvugu, asitoke shambani moja kwa moja, na asione aibu wakimrudisha mara tatu.

Kuhusu wanaosahaulika. Wazee, wajawazito, wanaonyonyesha, wagonjwa na wenye ulemavu hawapangi foleni, wanapita mbele, ila wengi hawathubutu kusema mpaka awepo mtu wa kuwasemea. Asiyeona au asiyejua kusoma ana haki ya kuja na mtu anayemwamini yeye, sio anayechaguliwa na balozi wa nyumba kumi. Binti wa kazi ni mgumu zaidi maana ruhusa anayo mama mwenye nyumba, kwa hiyo ongea na mama kwanza, kwa heshima, umwombe saa moja tu. Na mahabusu pia ni wapiga kura, 2025 vituo viliwekwa mpaka magerezani.

Sasa niseme la mwaka huohuo. Uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 uliisha kwa maandamano, watu walikufa, intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa, na huku kwetu majeraha yapo. Ukimkuta kijana anakwambia "sirudi tena kwenye hiyo foleni" usimhutubie. Msikilize. Sio kazi ya anayejitolea kumtetea mtu yeyote wala kumlazimisha mtu, mweleze daftari linafanyaje kazi, muachie aamue.

Na ujilinde. Elimu ya mpiga kura inatolewa na asasi yenye kibali cha Tume, kwa hiyo ingia chini ya asasi iliyonacho, usijianzishie peke yako na grupu la WhatsApp. Usivae kofia wala tisheti ya chama, hata ile ya zamani ya kulimia. Usiandike namba ya kadi ya mtu kwenye daftari lako, usiichukue "kuitunza", usipige picha ukaweka status. Anayepita kukusanya namba za kadi mtaani anazijua kazi zake, wewe usifanane naye.

Sheria inataka daftari liboreshwe mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine. Ratiba ikitoka uliza halmashauri kwa afisa mwandikishaji vituo vya kata yako viko wapi hasa, maana vinahama, mwaka huu shule, mwaka ule ofisi ya kijiji, na uandike majina ya vitongoji vilivyo mbali na barabara kwanza, bodaboda wa kwenda huko muongee naye bei kabla mvua haijaanza.