Tumbaku ya Padri na Shamba la Kifungua Mimba

Padri wa Kianglikana katika Virginia, koloni la Waingereza Amerika Kaskazini, alilipwa mshahara wake kwa tumbaku. Tangu 1696 sheria ilimpangia ratili 16,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya kilo 7,000 za majani makavu yaliyoshindiliwa kwenye mapipa makubwa ya mbao. Hiyo haikuwa sadaka ya hiari. Ilikuwa kodi ya kichwa. Mkuu wa kaya alihesabiwa wanaume wote wa nyumbani kwake waliotimiza miaka 16, pamoja na watumwa wake wa umri huo, wa kiume na wa kike, akalipia kila mmoja. Mbaptisti aliyesali kwingine alilipa sawa na jirani yake Mwanglikana.

Nafundisha historia ya sheria, na kila mwaka wanafunzi huniuliza kwa nini kodi ya dini naifundisha katika kipindi kimoja na mirathi. Mambo hayo mawili, wanasema, yanahusiana vipi? Jibu langu ni kwamba tuangalie nani aliyepanga kiwango cha kodi. Kila parokia ilikuwa na baraza la wazee 12. Mzee mmoja akifa, waliobaki walimchagua mrithi wake wao wenyewe, waumini hawakuulizwa. Wazee hao kwa kawaida walikuwa wenye mashamba makubwa, na mashamba hayo hayakutoka mikononi mwa koo zao kwa sababu sheria ya mirathi iliyalinda kwa kufuli mbili.

Kufuli ya kwanza ilihusu anayefariki bila wasia. Ardhi yake yote ilikwenda kwa mwana wa kiume wa kwanza. Wadogo zake na dada zake waliambulia sehemu ya mali inayohamishika tu. Kufuli ya pili ilikuwa kali zaidi. Mwenye shamba aliweza kulifunga kwa hati, kwamba lirithiwe na kizazi chake moja kwa moja, mwana baada ya mwana, na yeyote atakayelirithi asiweze kuliuza wala kumwachia mwingine. Msomaji wa Mombasa au Unguja atakumbuka wakfu wa jamaa, na kweli kuna kufanana, kwa kuwa marehemu anaendelea kuamuru. Lakini wakfu unaweza kuwanufaisha wana wote wa mwenye kuuweka. Shamba lililofungwa la Virginia lilikuwa la mmoja.

Tena, kulifungua hakukuwa kazi ya mahakama. Tangu 1705 familia iliyotaka kuuza ardhi iliyofungwa, pengine ili kulipa madeni, ililazimika kupeleka ombi kwenye Bunge la koloni na kutungiwa sheria yake yenyewe, mara nyingi kwa sharti kwamba ardhi nyingine ifungwe badala yake. Mwaka 1734 wenye mashamba madogo walipewa njia rahisi zaidi, lakini vitabu vya sheria vya wakati huo bado vimejaa sheria za familia moja moja. Ukizisoma unaona jinsi wabunge walivyotumia muda wao kupanga nyumba za watu wa tabaka lao.

Mfumo ulianza kutikisika kwa sababu ya ukame. Mwaka 1758 tumbaku ilipungua shambani na bei ikapanda. Bunge likaruhusu madeni ya tumbaku, mishahara ya mapadri ikiwemo, yalipwe kwa fedha kwa kiwango cha peni mbili kwa ratili, chini sana ya bei ya soko. Mapadri walilalamika London, Mfalme akaitengua sheria hiyo, na mmoja wao, James Maury, akafungua kesi kudai kilichopunguzwa. Desemba 1763, katika mahakama ya Hanover, wakili kijana wa upande uliodaiwa, Patrick Henry, aliwaambia wazee wa mahakama, raia walioitwa kupanga fidia, kwamba mfalme anayetengua sheria njema anageuka dhalimu. Kisheria Maury alikuwa na haki. Wazee hao wa mahakama walikaa kwa dakika chache tu, wakamtunukia fidia ya peni moja.

Baada ya makoloni kujitangazia uhuru kutoka Uingereza mwaka 1776, mambo yalikwenda haraka. Oktoba 1776 Wabaptisti na wenzao walileta bungeni ombi lenye sahihi zipatazo 10,000. Kabla ya mwaka kwisha Bunge liliwaondolea kodi ya kanisa wote wasio Waanglikana na kuisimamisha hata kwa Waanglikana wenyewe. Mwaka 1779 ilifutwa kabisa. Na katika kikao hichohicho cha 1776 Thomas Jefferson, mbunge ambaye baadaye alikuwa rais wa Marekani, alipeleka muswada wa kuifungua ardhi yote iliyofungwa, ukapita. Kuanzia hapo aliyeshika shamba kama hilo akawa mwenye mali kamili, wa kuuza au kugawa apendavyo. Jefferson mwenyewe, katika maandishi ya uzeeni kuhusu maisha yake, alizihesabu sheria za ardhi, za urithi na za dini kuwa sehemu za mpango mmoja wa kung'oa utawala wa koo za kikabaila.

Mwaka 1784 Patrick Henry yuleyule alitaka kodi ya dini irudi katika sura nyingine. Kila mlipaji angetaja dhehebu la Kikristo analotaka lipokee fedha zake, na asiyetaja, fedha zake zingekwenda kwenye elimu wilayani kwake. Haionekani kuwa dhuluma, sivyo? George Washington hakuona tatizo lake. Ndiyo maana naona hoja ya mbunge James Madison, aliyeupinga muswada huo, inastahili kusomwa polepole hadi leo. Alisema mamlaka inayoweza kumlazimisha raia atoe peni tatu tu kwa ajili ya dini, inaweza vilevile kumlazimisha afuate dini yoyote katika kila jambo. Maombi ya wananchi yakamiminika, muswada ukafa, na 16 Januari 1786 ikapitishwa Sheria ya Uhuru wa Dini ambayo Jefferson aliiandika mwaka 1777. Yeye alikuwa Paris wakati huo. Madison ndiye aliyeisukuma. Sheria hiyo inasema kwamba kumlazimisha mtu kutoa fedha za kueneza maoni asiyoyaamini ni dhambi na ni udhalimu.

Kikao hicho hicho, kilichoanza Oktoba 1785, ndicho kilichovunja kufuli ya mzaliwa wa kwanza. Kuanzia 1 Januari 1787, aliyekufa bila wasia ardhi yake iligawiwa watoto wote sawasawa, wa kiume na wa kike. Chukulia baba aliyeacha ekari 600, wana watatu na mabinti wawili. Zamani kifungua mimba wa kiume angechukua zote 600. Sasa kila mmoja ana 120, na mjane anabaki na haki yake ya kutumia thuluthi maisha yake yote. Wakati wa kuandaa sheria hiyo Edmund Pendleton, mwenzake Jefferson katika kuiandaa, aliomba mkubwa apewe angalau mafungu mawili, kama ilivyo katika Kumbukumbu la Torati. Jefferson alimjibu kwamba kama mkubwa angekula mara mbili au kufanya kazi mara mbili ya wenzake, dai hilo lingekuwa na msingi.

Watu wa jimbo la Massachusetts walikwenda kwa mwendo wao. Katiba yao ya 1780 iliidhinisha kodi ya kuwalipa walimu wa dini wa Kiprotestanti, na ikadumu hadi 1833.

Lakini siwezi kuifundisha sheria ya 1785 kama habari njema tupu, maana urithi uliogawiwa sawasawa ulikuwa na watu ndani yake. Tangu 1705 mtumwa wa Virginia alirithiwa kwa kanuni za ardhi. Warithi walipoongezeka, familia za watumwa zilikatwa vipande zaidi: mama kwa binti huyu, mtoto kwa kaka yule. Haki ya wale ilipimwa kwa miili ya hawa.

Jefferson alifariki 4 Julai 1826 akiwa na madeni makubwa. Wasia wake ulimwacha huru mhunzi Joseph Fossett, lakini si mke wake Edith wala watoto wao. Januari 1827, ili kulipa wadai, mnada ulifanyika Monticello, shambani kwake, na tangazo lake gazetini liliwataja watumwa 130 pamoja na mifugo, mazao na vyombo vya nyumbani. Edith na watoto waliuzwa, Joseph akiwa hapohapo. Baadaye, kwa msaada wa ndugu, alimnunua tena mkewe na baadhi ya watoto wao.