Noti Bandia na Mkono wa William Friedkin

Nilipoombwa kuieleza filamu ya To Live and Die in L.A. kabla ya onyesho la kumkumbuka mwongozaji wake, William Friedkin, aliyefariki dunia Los Angeles tarehe 7 Agosti 2023 akiwa na umri wa miaka 87, niliamua kuzungumzia zaidi zile dakika chache ambazo Rick Masters anatengeneza noti bandia. Wengi huikumbuka filamu hii ya mwaka 1985 kwa mbio za magari, lakini mimi ni mhariri wa filamu, na hapo ndipo ninapouona ufundi wa Friedkin ukiwa wazi kabisa.

Masters, aliyeigizwa na Willem Dafoe, yumo katika jengo lililojitenga jangwani. Anazipiga picha noti halisi, anaandaa mabamba ya chapa, anachanganya wino wa kijani, anapitisha karatasi mashinini, anazikata, kisha anazizungusha noti ndani ya mashine ya kukaushia ili zionekane zimekwisha kupita katika mikono mingi. Hakuna anayetueleza lolote; tunachokiona ni mkono, chombo na matokeo, huku muziki wa kundi la Wang Chung ukiisukuma kazi mbele. Friedkin alikwisha kutengeneza filamu za matukio halisi huko Chicago kabla ya kujulikana Hollywood, na mafunzo hayo yanaonekana hapa: anamheshimu fundi hata pale fundi anapokuwa mhalifu. Tumeshamwona Masters pia akiuchoma moto mchoro alioupaka rangi kwa mikono yake mwenyewe, kwa hiyo tunajua kwamba anachokiharibu ni kazi yake halisi, na anachokitunza ni nakala.

Uzuri wa filamu hii hauwezi kutajwa bila Robby Müller, mpigapicha Mholanzi aliyefariki mwaka 2018. Aliupiga mji wa Los Angeles bila kuurembesha: maghala, reli, mitambo ya bandarini, na lile jua la asubuhi na jioni linaloifanya hata mifereji ya zege ipate rangi ya shaba. Sikubaliani na wanaosema kwamba filamu hii ni mtindo mtupu, kwa sababu mwanga huo unaangaza mahali ambapo hakuna mtu wa kuaminika, na mvuto wake ndio unaotuvuta kuwafuata watu ambao hatukupaswa kuwafuata.

Hata zile mbio zina jambo hilo. Katika The French Connection, filamu nyingine ya Friedkin ya mwaka 1971, askari alikuwa akimkimbiza mhalifu. Hapa Richard Chance, ofisa wa serikali anayetaka kulipiza kisasi cha mwenzake aliyeuawa akimfuatilia Masters, amepora fedha pamoja na mwenzake mpya, John Vukovich, bila kujua kwamba waliyempora ni mpelelezi wa FBI; wao ndio wanaokimbizwa, hadi wanaingia barabara kuu wakiyakabili magari yanayokuja mbele yao. Kila pigo la uhariri linatufanya tuombe wanyang'anyi hawa waponyoke.

Chance anapigwa risasi ya uso kabla filamu haijaisha. Friedkin alishinikizwa atengeneze mwisho mwingine, akautengeneza, lakini akaushikilia ule wa kwanza, na ninamshukuru kwa hilo. Vukovich, aliyekuwa mwoga na mwenye dhamiri kuliko mwenzake, anakwenda kwa Ruth, mwanamke ambaye Chance alikuwa akimbana ampe habari, na kumwambia kwamba sasa Ruth atamfanyia kazi yeye, Vukovich. Mavazi ya Vukovich ni ya Chance, na sauti yake ni ya Chance. Niliwaomba watazamaji wafikapo hapo waikumbuke mashine ya chapa kule jangwani.