Kabla ya kununua sarafu mpya, uliza nani alichimba kwanza

Kila tunapokuja Lamu kutoa elimu ya fedha, vijana wa baraza za Mkunguni hutuuliza lile lile: hii sarafu mpya ya kripto, yaani pesa ya mtandaoni, tuingie ama tusiingie? Jibu langu huanzia kwa sonara. Ukimpelekea mkufu, hadanganywi na mng'aro. Huusugua kwenye jiwe lake ajue dhahabu ni kiasi gani. Sarafu nayo ina jiwe lake: iligawanywaje siku ya kwanza?

Dhahabu ya California ilionekana Januari 1848. Mfanyabiashara Samuel Brannan, alipohakikisha habari ile, alinunua kwanza makoleo na makarai akajaza dukani, kisha Mei akapita mitaa ya San Francisco akipaza sauti kwamba dhahabu ipo. Hakusema uongo, ilikuwapo kweli. Lakini waliokimbilia mtoni walimkuta keshajipanga. Sisi watu wa pwani tunalijua hilo tangu enzi za Kilwa: dhahabu ya Sofala ilitoka bara, akatajirika aliyeshika bandari. Ndivyo wafanyavyo waanzilishi wa sarafu wanaojitengea fungu nono kimya kimya, ndipo watangaze.

Bitcoin, sarafu ya kripto ya kwanza, haikuanza hivyo. Satoshi Nakamoto, ambaye hadi leo hajulikani ni nani, alitoa maelezo yake Oktoba 2008, na programu ikawekwa wazi Januari 2009. Kanuni zilijulikana mapema: sarafu hazitazidi milioni 21. Mwanzoni kila bloku, yaani ukurasa mpya wa daftari la miamala, ilimlipa aliyeiongeza kwa kompyuta yake sarafu 50 (huko ndiko kuchimba), na malipo hupungua nusu kila baada ya bloku 210,000, yaani kama miaka minne. Tangu Aprili 2024 ni 3.125. Mgodi ni vivyo hivyo: ya juu huokotwa kwa karai, ya chini hutaka mitambo. Wa mwanzo walichimba kwa kompyuta ya nyumbani. Leo ni mashine maalumu na umeme mwingi. Wapo wanaoiita dhuluma. Mimi naona kuwahi si dhuluma maadamu mlango ulikuwa wazi, ingawa nakiri waliojua mlango uko wapi walikuwa wachache mno.

Ethereum, kripto nyingine maarufu, ilipoanza 2015 tayari ilikuwa na sarafu milioni 72 ambazo hakuna aliyezichimba. Kama milioni 60 watu walikuwa wameuziwa mwaka 2014, zilizobaki ni za waanzilishi na wakfu wao. Angalau hesabu ilitangazwa.

Basi ukiletewa sarafu mpya, fungua daftari lake la miamala. Aghalabu husomeka hata kwenye simu. Tazama pochi kubwa, yaani akaunti za kuwekea sarafu, zimeshika kiasi gani, ukijua kwamba pochi nyingine ni ya soko lenye wateja wengi, na kwamba mtu mmoja aweza kutawanya fungu lake kwenye pochi mia. Uliza waanzilishi wamefungiwa wasiuze mpaka lini, na kifungo hicho kimeandikwa wapi. Ukijibiwa "wahi, bei inapanda", usitume hata shilingi.