Nusu mshahara: ofisa wa majini asiye na meli

Ukisoma maisha ya ofisa yeyote wa jeshi la majini la Uingereza wa karne ya 18, hukosi kukuta miaka aliyokaa "kwenye nusu mshahara". Hakuadhibiwa wala hakustaafu. Hakuwa na meli, basi.

Cheo cha luteni au kapteni kilikuwa cha kudumu, lakini kazi ilitegemea meli. Vita vikiisha, meli zilifungwa bandarini na mabaharia wakalipwa chao wakaenda zao. Maofisa walibaki kwenye orodha wakilipwa takriban nusu, ili vita vikirudi waitwe. Baharia wa kawaida hakupata hata hiyo nusu, wala kijana aliyekuwa bado anasomea uofisa.

Mfano mzuri ni Horatio Nelson, aliyepata ukapteni kamili Juni 1779, akiwa na miaka 20 tu. Akiwa Karibi na meli yake Boreas, aliwabana wafanyabiashara wa visiwani waliokuwa wakifanya biashara na Wamarekani kinyume cha sheria. Walimchukia, na wakubwa wa London nao hawakufurahia kelele hizo. Boreas ilipofungwa mwaka 1787, alihamia Burnham Thorpe, Norfolk, kwa baba yake kasisi, pamoja na mkewe Frances. Akakaa huko miaka mitano, akiiandikia Admiralti, ofisi iliyoongoza jeshi la majini, barua za kuomba meli. Januari 1793, vita na Ufaransa vikiwa vinabisha hodi, akapewa Agamemnon yenye mizinga 64. Nadhani vita vilimsaidia kuliko barua zake zote.

Miaka ile ya kijijini haikumrudisha nyuma, na hapa ndipo wengi hukosea. Kapteni alipanda kuwa admirali kwa zamu, kulingana na tarehe ya ukapteni wake. Awe baharini, awe nyumbani, wa juu wakifa au wakipanda, naye husogea. Nelson alifanywa admirali Februari 1797, na watu hudhani ni zawadi ya ushindi katika pigano la baharini la Cape St Vincent, tarehe 14 mwezi huohuo. La, zamu yake ilikuwa imefika. Kwa ushindi ule alipewa u-Sir.

Kwa zamu hiyo hata mzee asiyefaa angefika juu. Kuanzia 1747 wazee wa namna hiyo walipewa uadmirali bila kikosi, wakabaki nyumbani na nusu mshahara wa cheo kipya, vijana wakapata njia. Vikosi vilitambulishwa kwa rangi nyekundu, nyeupe na buluu; cha njano hakikuwapo, kwa hiyo mabaharia wakawabandika wazee hao jina la maadmirali wa njano.