Joto si kipimo cha miale: maswali na majibu kuhusu nishati ya jua na afya

Watu wengi hupima ukali wa jua kwa joto wanalolihisi mwilini: siku ikiwa na ubaridi hujiona salama, na ikichoma ndipo hutafuta kivuli. Kipimo hicho kinafaa kwa jambo moja na kinapotosha kwa jingine, na sababu yake imo katika njia ambayo nishati ya jua huipitia tangu inapotoka kwenye jua hadi inapoigusa ngozi na kuingia machoni.

Nishati ya jua hufikaje duniani ilhali katikati hakuna hewa?

Joto huweza kusafiri kwa namna tatu. Kwa mpitisho, hutoka kitu kimoja hadi kingine vinapogusana. Kwa myuko, hubebwa na hewa au maji yanayosogea. Na kwa mnururisho, nishati husafiri kama mawimbi ya sumakuumeme ambayo hayahitaji kitu chochote cha kuyabeba. Kati ya jua na dunia karibu ni utupu mtupu, kwa hiyo njia inayowezekana ni hiyo ya tatu peke yake. Katika kiini cha jua, penye joto la takriban nyuzi milioni 15 za Selsiasi, viini vya haidrojeni huungana na kuwa heli, na nishati inayotolewa humo huchukua muda mrefu mno kupenya hadi kwenye uso wa jua, ambako joto limeshuka hadi nyuzi 5,500 hivi. Kutoka hapo safari ni ya haraka: miale huenda kwa kasi ya karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, na umbali wa kilomita milioni 150 huumaliza kwa muda wa dakika 8 na sekunde 20 hivi.

Kinachofika kwenye ukingo wa juu wa angahewa ni takriban wati 1,361 kwa kila mita ya mraba inayolikabili jua moja kwa moja. Karibu nusu yake ni miale ya infraredi, ambayo hatuioni bali huihisi kama joto. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni mwanga unaoonekana. Na sehemu ndogo, isiyofika hata moja ya kumi, ni miale ya urujuanimno, ambayo haionekani wala haihisiwi. Hiyo sehemu ndogo ndiyo inayowashughulisha zaidi madaktari wa ngozi na wa macho.

Ikiingia katika angahewa, hupatwa na nini?

Hugawanyika. Takriban asilimia 30 hurudishwa kwenye anga za mbali na mawingu, hewa, vumbi na maeneo meupe ya dunia kama vile theluji na barafu. Zaidi kidogo ya asilimia 20 hufyonzwa na mvuke wa maji, ozoni (gesi ambayo ni aina ya oksijeni yenye atomi tatu), vumbi na mawingu. Karibu nusu hufika chini na kufyonzwa na ardhi na bahari.

Mbali na kurudishwa na kufyonzwa, miale hutawanywa pia. Molekuli za hewa huyatawanya mawimbi mafupi kwa nguvu zaidi kuliko marefu, ndiyo maana anga huonekana ya samawati. Mawimbi ya urujuanimno ni mafupi zaidi ya hayo ya samawati, basi nayo hutapakaa na kutufikia kutoka pande zote za anga, wala si kutoka kwenye jua tu. Aliyekaa chini ya mwavuli mdogo mahali palipo wazi amejikinga na miale ya moja kwa moja, lakini ile iliyotawanywa bado inamfikia kutoka kando.

Tabaka la ozoni huzuia miale gani?

Miale ya urujuanimno imegawanywa katika makundi matatu kulingana na urefu wa wimbi. Aina C, yenye nanomita 100 hadi 280 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ndiyo yenye nguvu zaidi, nayo humalizwa yote na oksijeni na ozoni kabla ya kufika chini. Aina B, ya nanomita 280 hadi 315, huzuiwa kwa sehemu kubwa, lakini si yote. Aina A, ya nanomita 315 hadi 400, hupita karibu bila kizuizi, na ndiyo inayofanya takriban asilimia 95 ya miale ya urujuanimno inayotufikia.

Sehemu kubwa ya ozoni imo kwenye kimo cha kilomita 15 hadi 35, na ni chache ajabu: kama ingekusanywa yote na kuletwa chini kwenye kanieneo la usawa wa bahari, ingekuwa utando wa milimita 3 tu. Uchache huo unaeleza kwa nini gesi za klorofluorokaboni, zilizotumika katika majokofu na makopo ya kupulizia, ziliweza kuidhoofisha. Wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kuhusu hatari hiyo mwaka 1974, upungufu mkubwa juu ya Antaktika ukatangazwa mwaka 1985, na Itifaki ya Montreal ya kupunguza gesi hizo ikatiwa saini mwaka 1987.

Ozoni hiyo hiyo ikiwa karibu na ardhi ni sumu. Hutokea pale mwanga wa jua unapochochea moshi wa magari na viwanda, nayo huwasha njia ya hewa, hasa kwa wenye pumu.

Miale inayopenya hufanya nini kwenye ngozi?

Aina B huishia zaidi kwenye tabaka la juu la ngozi, ambako huharibu DNA ya seli moja kwa moja. Wekundu na maumivu ya kuungua huonekana saa kadhaa baadaye, wakati ambapo hakuna tena la kuzuia. Aina A huingia ndani zaidi, hudhoofisha nyuzi zinazoifanya ngozi iwe nyumbufu, na huleta mikunjo mapema. Aina zote mbili huchangia saratani ya ngozi, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeuweka mnururisho wa jua katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Hata hivyo, aina B hiyo hiyo ndiyo inayoiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D, inayohitajika ili mwili ufyonze kalsiamu na mifupa iwe imara. Melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, hupunguza madhara na pia hupunguza kasi ya kutengeneza vitamini hiyo, kwa hiyo muda wa jua unaofaa haufanani kwa watu wote. Watu wenye ualbino, ambao melanini yao ni kidogo sana au haipo, wanahitaji kinga kila wanapotoka nje mchana: nguo ndefu zilizofumwa kwa kubana, kofia yenye ukingo mpana, miwani na losheni ya kuzuia miale.

Kwa nini saa ya joto kali si saa ya miale mikali?

Kwa sababu hewa haipashwi moto hasa na jua, bali na ardhi. Miale hupita hewani, huifikia ardhi, na ardhi ikishapata moto huipasha hewa inayoigusa kwa mpitisho. Hewa hiyo hupanuka, huwa nyepesi na kupanda juu kwa myuko, huku hewa baridi ikishuka kushika nafasi yake. Wakati huohuo ardhi hutoa miale yake ya infraredi, ambayo mvuke wa maji na kabonidayoksaidi huifyonza na kuirudisha kwa sehemu, na bila kazi hiyo dunia ingekuwa baridi kupita kiasi. Shughuli zote hizi huchukua muda, ndiyo maana joto la hewa hufikia kilele saa mbili au tatu baada ya jua kuwa utosini.

Miale ya urujuanimno haisubiri lolote kati ya hayo. Ukali wake hutegemea unene wa angahewa inaoupita: jua likiwa utosini njia ni fupi, likiwa karibu na upeo wa macho miale hupita hewa nyingi zaidi mara kadhaa, na ozoni hupata nafasi ya kuifyonza. Basi mtu anaweza kutokwa na jasho saa kumi na moja jioni huku miale ikiwa imeshadhoofika, na akaungua saa tano asubuhi akipigwa na upepo wa baridi. Kanuni nyepesi ya kutumia ni kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko kimo chako, miale ni mikali na kinga inahitajika, hata kama huhisi joto.

Milimani hali hiyo huonekana wazi zaidi. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila kilomita moja ya kupanda, ilhali miale ya urujuanimno huongezeka kwa karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000, na theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale hiyo usoni. Mawingu mepesi nayo huzuia kidogo kuliko yanavyodhaniwa.

Ukali huo hupimwaje?

Kwa fahirisi ya urujuanimno, ambayo huanzia 0. Ikifika 3 inashauriwa kujikinga. Kuanzia 8 ni kali sana, na 11 au zaidi ni kali kupindukia. Idara nyingi za hali ya hewa huitangaza pamoja na utabiri wa siku.

Je, kukaa nyuma ya dirisha kunakinga?

Kwa nusu. Kioo cha kawaida huzuia karibu miale yote ya aina B na kupitisha sehemu kubwa ya aina A. Anayeota jua dirishani hatengenezi vitamini D ya kutosha, na ngozi yake bado huzeeka.

Basi joto lenyewe halina madhara?

Linayo, na huweza kuua, ila kwa njia nyingine. Mwili hujipoza kwa jasho linalokauka. Hewa ikiwa na unyevu mwingi jasho halikauki, na joto la ndani hupanda. Mtu aliyekuwa kwenye joto akianza kuchanganyikiwa, akazirai au mwili wake ukapita nyuzi 40, hiyo ni dharura: apelekwe kivulini, amwagiwe maji na kupepewa, huku msaada wa hospitali ukitafutwa. Losheni ya jua haisaidii chochote hapa.

Na macho?

Kukaa juani kwa miaka mingi huongeza uwezekano wa mtoto wa jicho. Hatari ya ghafla ni kulitazama jua lenyewe, hasa wakati wa kupatwa kwa jua, mwanga unapopungua na jicho kukosa sababu ya kujifumba. Retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haina neva za maumivu, kwa hiyo huungua bila mtu kuhisi, na doa katikati ya uoni hugundulika saa kadhaa baadaye. Miwani ya kawaida ya jua haitoshi kwa kazi hiyo. Zinahitajika zile zilizotengenezwa mahususi kwa kutazama jua, zisizo na mikwaruzo wala matundu.